Neema Ameshuka, Neema Imeshuka

Mwulize mtoto wa darasa la kwanza nomino ya pekee ni ipi, atajibu upesi: "Yenye herufi kubwa." Atapata vema, mpaka akutane na sentensi inayoanza kwa neno "Kuku".

Kama herufi kubwa haitoshi, mzazi aanzie wapi?

Aanzie masikioni. Mtoto aliyekulia kwenye Kiswahili anazitumia ngeli kabla hajashika penseli, ingawa neno "ngeli" hajalisikia. Asomewe "Neema ameshuka", kisha "Neema imeshuka". Zote zinaanza kwa herufi kubwa, kwa hiyo jicho halimsaidii. Sikio litamwambia nani ameshuka garini na kipi kimetoka kwa Mungu.

Basi "a-" ni alama ya nomino ya pekee?

La! "Simba amenguruma" ni mnyama yeyote wa mbugani. "Simba imeshinda" ni klabu ya Msimbazi, iliyoanzishwa mwaka 1936. Hapa mambo yamepinduka. Kiambishi humzindua mtoto tu kwamba maana mbili zipo. Kinachoamua ni swali: anatajwa yeyote wa aina hiyo, au yule mmoja mwenye jina lake?

Darasani wamo Juma wawili. Wana tofauti gani na kuku wawili?

Mtoto anayeuliza hivi amekwisha kuanza kufikiri. Kuku huitwa kuku kwa kuwa ni kuku. Juma hawa wawili kila mmoja alipewa jina kwao, na mmoja angeitwa Hamisi angebaki mtoto yuleyule. Tena jina halibadiliki kwa wingi: "Juma wawili wamechelewa." Ukisema "majuma mawili", umehesabu siku kumi na nne.

Na "mama"?

Nomino ya kawaida, hata kama kwa mtoto yupo mmoja tu duniani.

Mazoezi gani yafanyike nyumbani?

Duka la jirani linatosha. Mtoto akiomba Colgate, akapewa dawa ya meno ya kampuni nyingine na asishangae, mzazi amepata somo la bure: jina la pekee limeanza kutumika kama la kawaida. Wakirudi, mtoto apewe Baraka, Bahati, Pwani na Tanga, kila moja alitungie sentensi mbili: Tanga imenyeshewa, tanga limechanika. Mzazi asikilize tu, daftari likiwa limefungwa.