Jalada la Podikasti na Namna ya Kulichora

Wahenga walisema, "Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani." Maneno hayo ni ya kweli, lakini mpita njia asiyemjua mwenye nyumba huuona mlango kwanza, na ukimchukiza hapigi hodi. Podikasti ni nyumba ya namna hiyo. Ni kipindi cha sauti kinachowekwa katika intaneti, mtu akakisikiliza kwa simu yake wakati wowote apendao. Sauti haionekani, wala haina harufu ya kumvuta mtu kama mandazi yaliyomo katika karai. Kinachoonekana ni kipicha cha mraba tu, chenye jina la kipindi. Hicho ndicho jalada, nami nitakieleza leo, maana tangu nilipotoka shuleni hapa kazi yangu ni kuchora, na majalada ya namna hii ndiyo yanipayo sehemu kubwa ya riziki. Najua kuwa baadhi yenu mlio madarasani, na hata baadhi ya sisi wa zamani, mnatayarisha vipindi vyenu. Huenda somo hili likawafaa.

Neno podikasti si la zamani. Mwandishi Ben Hammersley alilitumia katika gazeti la The Guardian la Uingereza mwaka 2004, na mwaka uliofuata kampuni ya Apple ikaanza kuziweka podikasti katika programu yake ya iTunes. Lakini kazi ya kuivika sauti nguo ilianza kabla ya hapo. Huko Marekani santuri zilikuwa zikiuzwa ndani ya karatasi za kahawia au za kijivu, hata kijana mmoja mchoraji, Alex Steinweiss, alipoishawishi kampuni ya Columbia itie picha juu yake. Ya kwanza ilitoka mwaka 1940. Steinweiss hakupenda kuweka uso wa mpigaji muziki na kuishia hapo. Alijaribu kuchora kile ambacho msikilizaji angekisikia. Na hiyo ndiyo kanuni ya kwanza: jalada lieleze sauti iliyomo, lisieleze ufundi wa mchoraji.

Sasa tuje kwenye vipimo. Apple hutaka picha ya mraba, isiyopungua pikseli 1400 kwa 1400 wala kuzidi 3000 kwa 3000. Pikseli ni vile vidoa vidogo vya rangi ambavyo vikikusanyika vyafanya picha kwenye kioo. Wachoraji wengi huchora kwa kipimo cha 3000, na hapo ndipo mtego ulipo. Mezani picha ni pana kama sinia, lakini katika orodha ya simu huwa ndogo kama stempu. Tuseme simu inaionyesha kwa upana wa pikseli 60. Gawanya 3000 kwa 60, jibu ni 50. Basi kila kitu ulichochora kimepungua mara 50. Herufi yenye kimo cha pikseli 150, uliyoiona kubwa mezani, imebaki pikseli 3, na hakuna jicho liwezalo kuisoma. Herufi ya pikseli 500 imebaki 10, nayo yasomeka. Lakini herufi za ukubwa huo hazitazidi nane hivi katika mstari mmoja. Kwa hiyo jina la kipindi liwe maneno mawili au matatu, na yale maelezo marefu ya "kipindi cha kila wiki kinacholetwa kwenu na fulani" yaachwe nje kabisa.

Mwalimu mzuri wa jambo hili tunaye nyumbani, naye ni kanga. Kanga ina pindo, ina mji, tena ina jina. Mwenye kuivaa apita njiani, nawe wasoma jina lake kabla hajakata kona. Jalada nalo lahitaji vitu hivyo vitatu. Pindo ni nafasi tupu pembeni, isiwekwe neno wala jicho la mtu, kwa sababu programu nyingine hukata pembe zikawa za mviringo. Mji ni picha moja tu ya katikati. Na jina ni jina. Mwalimu wa pili ni Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960. Alitumia rangi za baiskeli juu ya vibao vya mraba, na mara nyingi mnyama mmoja alikijaza kibao chote. Chui wa namna hiyo wamtambua hata ukiwa ng'ambo ya barabara. Angechora chui watano, mto, kijiji na jua likizama, usingetambua kitu.

Jambo jingine ni mwanga na giza. Watu wengi hudhani kuwa rangi mbili zikiwa mbalimbali zitaonekana vizuri. Sivyo. Njano na nyeupe ni rangi mbili, lakini maneno ya njano juu ya nyeupe hupotea juani. Shirika la W3C, linaloweka kanuni za intaneti, lashauri maandishi ya kawaida yapishane mwanga na rangi ya nyuma yake kwa kadiri ya 4.5 kwa 1 au zaidi. Nyeusi juu ya nyeupe hufikia 21 kwa 1. Tena wako watu wasioweza kupambanua nyekundu na kijani. Katika wanaume wenye asili ya Ulaya ni yapata mmoja kwa kila 12. Njia rahisi ya kupima ni kuondoa rangi zote, picha ikabaki nyeusi na kijivu. Kama jina bado lasomeka, kazi ni nzuri.

Baada ya hayo yatupasa kujua aina za vipindi, kwa kuwa kila aina ina desturi yake. Desturi hizi wenye vitabu walizijua mapema. Katika Italia mchapishaji Mondadori alianza mwaka 1929 kutoa visa vya upelelezi vyenye majalada ya manjano, na hata leo Waitalia huviita visa hivyo kwa jina la rangi hiyo. Penguin wa Uingereza, walioanza mwaka 1935, walitumia rangi ya chungwa kwa hadithi, kijani kwa upelelezi na samawati nzito kwa maisha ya watu. Msomaji alichagua akiwa mbali na rafu.

Kipindi cha mahojiano hufaa uso wa mwenye kuuliza, macho yakimtazama msikilizaji, maana huyo ndiye atakayerudi kila juma. Mgeni huja mara moja na kwenda zake. Kipindi cha historia hufaa kitu kimoja cha zama zile. Ukisimulia reli iliyotoka Mombasa ikafika Kisumu mwaka 1901, usichore treni na ramani na wajenzi wote. Taruma moja na msumari wake vyatosha. Vichekesho hutaka rangi kali na kitu kilichokaa mahali si pake, kama kuku aliyevaa tai. Hadithi za watoto hutaka maumbo ya mviringo na herufi nene. Lakini kumbukeni kuwa mwenye simu ni mzazi, basi naye aone kwamba humo hamna ubaya. Mazungumzo ya afya hutaka utulivu. Mgonjwa ana hofu yake tayari; usimwongezee.

Lakini desturi za ugenini zisifuatwe kwa kufumba macho. Hapa Uganda manjano ni rangi ya chama cha NRM, nyekundu ni ya NUP na samawati ni ya FDC. Kijana anayetayarisha kipindi cha habari, akachagua mojawapo kwa sababu yapendeza, amekwisha tangaza upande kabla hajafungua kinywa. Kijivu itamwokoa na maswali mengi.

Nimeacha kwa makusudi aina moja, nayo ni visa vya uhalifu wa kweli. Desturi yake ni nyeusi na nyekundu, na uso uliofichwa nusu. Mtayarishaji mmoja aliniletea kazi ya namna hii. Kisa kilikuwa cha msichana aliyeuawa, na picha aliyonipa ilikuwa ya msichana huyo akiwa na sare ya shule, anacheka. Alitaka niitie nyekundu na kuipasua katikati. Nikamuuliza kama wazazi wake wameombwa ruhusa. Akasema picha ilikwisha enea katika intaneti, kwa hiyo ni ya watu wote. Nikamwonyesha mchoro mwingine: lango la nyumba, taa inawaka, na viatu vya shule mlangoni. Akasema viatu havimvuti mtu, uso ndio uvutao. Nikamjibu, "Ndiyo, utamvuta hata mama yake, naye atauona kila afunguapo simu." Hatukupatana. Akachukua kazi yake akampelekea mwingine, nami nikakosa fedha ambazo mwezi ule nilizihitaji sana.

Nalieleza jambo hili kwa sababu ndilo kiini cha somo. Kuvuta macho si kazi ngumu. Damu huvuta, uchi huvuta, na kilio huvuta. Kazi ngumu ni kuvuta macho bila kumdhulumu mtu asiyeweza kujibu. Marehemu hawezi kukuambia uondoe picha yake. Mtoto wa hospitali hawezi. Mwanakijiji aliyepigwa picha na mtalii hawezi, maana hajui kuwa ipo. Kabla ya kuweka uso wa mtu, jiulize kama ungethubutu kubisha mlangoni kwake na jalada lile mkononi.

Na picha ina mwenyewe kisheria pia. Hapa kwetu sheria ya hakimiliki ilitungwa mwaka 2006, na picha iliyookotwa katika intaneti haiwi yako kwa kuwa umeiokota. Piga picha yako, chora yako, au omba ruhusa kwa maandishi. Siku hizi iko mitambo ya akili mnemba inayotoa picha kwa dakika moja. Mimi siilaani, lakini haijui kama kipindi chako ni cha kucheka au cha kulia, wala haimjui mama wa mtu. Hayo yabaki mikononi mwako.

Sasa zoezi. Hamhitaji kompyuta. Chukueni karatasi, mchore miraba sita, kila mmoja wa sentimita 2 kwa 2. Chagueni kipindi kimoja, kisha katika kila mraba chora wazo moja tofauti kwa penseli, jina likiwamo. Udogo huo utawalazimisha kuacha yasiyo na kazi. Bandikeni miraba hiyo ukutani, mrudi nyuma hatua tatu, mkamwite mwenzenu asiyejua lolote. Msimuulize kama imependeza, maana rafiki hujibu ndiyo. Muulizeni, "Je, kipindi hiki chahusu nini?" Mraba utakaompa jibu la kweli ndio wa kuupeleka kwenye kompyuta na kuukuza hadi pikseli 3000.

Kwa wenzangu wa zamani walio na vipindi tayari, nawaomba jambo moja: fungueni simu zenu, mnyooshe mkono, myatazame majalada yenu kama wageni. Mkiona ni mlango ambao nanyi mngebisha, hongereni. Kama sivyo, penseli haigharimu sana.