Moyo Kwenda Mbio Bila Kukimbizwa
Kijitabu cha nyumbani kuhusu hofu kali na dawa zake, kwa kaya za Kilwa na pwani ya Lindi

Inaanza ghafla. Mtu yuko sokoni Masoko anachagua samaki, au amekaa ndani ya basi Nangurukuru akingoja abiria wajae, au yumo usingizini saa nane za usiku. Mara moyo unadunda, kifua kinabana, pumzi haitoshi. Jasho jembamba linamtoka, mikono inatetemeka, vidole na midomo vinakufa ganzi, tumbo linavuruga. Anaona roho inataka kutoka. Wengine wanasadiki kwamba sasa ndiyo wanapata wazimu. Hali inapanda hadi kileleni kwa muda wa dakika kumi hivi, kisha inashuka yenyewe, na mara nyingi nusu saa haipiti. Inaacha nyuma uchovu, aibu na swali moja: itarudi lini?

Swali hilo ndilo linaloharibu maisha. Kwa kuogopa isimkute tena, mtu anaacha kwenda sokoni, hapandi basi wala boti, msikitini anakaa karibu na mlango, na kila aendako anataka asindikizwe. Mvuvi anasingizia homa ili asitoke na wenzake usiku. Mke anaonekana mvivu, kijana anaonekana anadeka. Nyumbani wanasema ana presha, au kapandwa na kitu, au ana kihoro tangu msiba ule. Hospitali wanaiita mshtuko wa hofu, na ukijirudiarudia huwa ni ugonjwa wenye tiba.

Si kila hofu ni ugonjwa. Aliyekutwa na kusi kali nje ya Songosongo akaogopa, ana akili timamu. Wala wanaotetemeka maji yanapoingia ndani ya nyumba usiku si wagonjwa kwa kutetemeka. Ugonjwa ni pale hofu inapokuja bila sababu ya kuonekana, inaporudi tena na tena, au inapokaa kutwa nzima kwa miezi, mtu halali, hali vizuri, hatulii. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019 watu milioni 301 duniani walikuwa na maradhi ya hofu ya namna mbalimbali. Mwenye hali hii hapo kwenu hajaletewa balaa la peke yake.

Hali ikimpanda mtu, mfanyeje

Msimzunguke. Tunajuana: mtu akishika kifua tu, ua mzima umejaa, huyu anapepea, huyu analia, huyu anauliza kala nini. Abaki naye mtu mmoja au wawili wenye sauti ya pole. Akae, alegeze nguo shingoni na kiunoni. Mwambieni ukweli: "Hii ni ile hofu, inapanda, na itashuka. Niko hapa." Kumwambia "acha uoga" hakujawahi kumsaidia mtu.

Apumue taratibu kwa pua, huku mnahesabu naye hadi nne, kisha atoe hewa polepole kwa mdomo kwa kuhesabu hadi sita. Ile ganzi ya vidole na midomo, hata vidole kukakamaa, hutokana na kuhema mbiombio: mtu anatoa hewa chafu nyingi kuliko kiasi, na damu inabadilika. Pumzi ikipungua kasi, ganzi inaondoka. Msimfunike mdomo kwa mfuko wala khanga. Kama kumbe ni pumu au moyo, mtamuumiza.

Yapo ya kutosubiri hata dakika kumi. Maumivu ya kifua yanayokwenda mkononi, shingoni au taya, kuzirai, midomo kuwa ya buluu au kijivu, upande mmoja wa mwili kulegea au maneno kupinda, homa kali, mjamzito au aliyejifungua karibuni kukosa pumzi, au mtu aliyevuka miaka 40, hasa mwenye presha au kisukari, kupatwa na hali hii kwa mara ya kwanza. Hapo tafuteni usafiri mumfikishe kituo cha afya au hospitali. Ikija kuonekana ilikuwa hofu tu, hamkupoteza kitu.

Vipimo kwanza, na namna ya kujieleza

Dawa ya hofu haitolewi kwa kubahatisha. Upungufu wa damu, malaria, sukari kushuka, tezi ya shingoni kufanya kazi kupita kiasi, pumu na maradhi ya moyo yote huweza kumfanya mtu adundwe na moyo na kutetemeka. Mtaalamu atapima presha, atapima damu, atasikiliza moyo. Mweleze pia unavyokunywa na unavyotafuna. Kahawa chungu vikombe vitano barazani, vinywaji vya kuongeza nguvu wanavyokunywa madereva wa bodaboda, mirungi: vyote hivi huukimbiza moyo, na wapo waliopona nusu kwa kupunguza kahawa tu.

Tatizo kubwa liko kwenye maelezo. Tuchukue mfano wa mama muuza pweza wa Kivinje. Anafika dirishani:

"Shikamoo dokta."

"Marahaba mama, tukusaidie nini?"

"Presha mwanangu, inanipanda."

Anapimwa, presha ni nzuri, anapewa dawa ya maumivu, anarudi nyumbani. Mwezi unaofuata anarudi na maneno yale yale, anapata majibu yale yale. Mtaalamu amejibu alichoulizwa. Angesema hivi, mambo yangekuwa mengine: "Dokta, tangu mfungo sita kuna hali inanijia ghafla, wiki moja hata mara tatu. Moyo unakwenda mbio, nakosa pumzi, nadhani nakufa, halafu baada ya dakika ishirini inaisha. Usiku silali. Biashara nimeacha, naogopa kupanda gari." Ukiona utasahau, mwanao aandike kwenye daftari. Ataje na dawa zote unazotumia, za presha, za kifua kikuu, za kufubaza virusi, za uzazi wa mpango, na zile za mizizi ulizopewa na fundi.

Na ukiambiwa vipimo vyote viko sawa, usidhani umeambiwa unajifanya. Uliza: "Je, inaweza kuwa hofu? Nani anaweza kunitibu hiyo?" Anza zahanati au kituo cha afya cha karibu. Wakishindwa, wataandika rufaa ya kwenda Hospitali ya Wilaya ya Kilwa, Kinyonga pale Kivinje, na ikibidi Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Sokoine, Lindi mjini. Chukua kadi ya bima kama unayo. Watu wengi hunyamaza kwa kuogopa kutajiwa Mirembe, ile hospitali ya Dodoma iliyofunguliwa mwaka 1927 na ambayo jina lake limegeuzwa tusi. Kwa maradhi ya hofu, wengi hutibiwa wakiwa wanalala kwao na kuendelea na shughuli zao.

Dawa yenyewe

Naandika sehemu hii kwa urefu kwa sababu hapa ndipo watu wanapoumia. Kuna dawa inayozima hofu leo, na kuna dawa inayoufanya mwili uache kuizusha kila mara. Watu wanaitafuta ile ya kwanza. Wanayoihitaji, mara nyingi, ni ya pili.

Ile ya kwanza ni diazepamu, iliyoingia sokoni mwaka 1963 kwa jina la Valium. Ukiimeza, saa moja haiishi moyo umetulia na usingizi unakuja. Ndiyo maana inapendwa. Lakini mwili huizoea ndani ya wiki chache. Kidonge kimoja kinakuwa viwili, viwili vinakuwa vitatu. Ukiiacha ghafla baada ya kuizoea, hofu inarudi kwa ukali kuliko ya mwanzo, na aliyetumia nyingi kwa muda mrefu anaweza kuanguka kwa degedege. Ikichanganywa na gongo, au na tramadoli ile ya maumivu, inaweza kuzima pumzi mtu akiwa usingizini. Katika orodha yake ya dawa muhimu ya mwaka 2023, Shirika la Afya Duniani liliibakiza diazepamu upande wa hofu kwa kazi moja tu: dharura ya hofu kali, kwa muda mfupi. Ni dawa ya cheti. Muuza duka anayekufungia vidonge vitano kwenye kikaratasi bila cheti hajakuonea huruma. Na aliyekwisha kuizoea asiitupe baharini leo kwa hasira: aende hospitali apunguziwe kidogo kidogo.

Dawa zinazotibu kwa mwendo mrefu hazina sifa hiyo ya haraka. Fluoksetini humezwa mara moja kwa siku, kwa kawaida asubuhi. Kwa mwenye mshtuko wa hofu, daktari aghalabu huanza na dozi ndogo, kwa sababu siku za mwanzo inaweza kuleta kichefuchefu, kichwa kuuma, kukosa usingizi, hata wasiwasi kuongezeka kidogo. Hapa ndipo wengi wanapoacha, wakasema dawa imewakataa. Nafuu huanza kuonekana wiki ya pili hadi ya nne, na nguvu yake kamili huchukua wiki sita au zaidi. Mwili hauizoei dawa hii kama unavyoizoea diazepamu. Inaweza kupunguza hamu ya tendo la ndoa, jambo ambalo wagonjwa hawasemi na wahudumu hawaulizi: lisemeni, dozi au dawa inaweza kubadilishwa. Anayetumia fluoksetini asimeze tramadoli bila kumwambia daktari.

Amitriptilini ni ya zamani zaidi na hupatikana sehemu nyingi. Humezwa usiku kwa kuwa inaleta usingizi. Inakausha mdomo, inafunga choo, inafanya macho yaone ukungu, na ukiinuka haraka kitandani kizunguzungu kinakupata. Wazee, na mwanamume anayepata mkojo kwa shida, waseme mapema. Ikizidishwa inaharibu mapigo ya moyo na inaua, kwa hiyo isiachwe juu ya meza palipo na watoto. Kama mgonjwa amekata tamaa au ametamka kutaka kufa, vidonge vishikwe na ndugu, apewe cha siku moja moja, na apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Vijana wa chini ya miaka 25 waangaliwe kwa karibu wiki za mwanzo za dawa hizi zote mbili, na mawazo ya kujidhuru yakitokea au yakizidi, daktari ajulishwe mara moja.

Ipo pia propranololi, inayopunguza mapigo na mitetemo. Mwenye pumu asiiguse.

Hali ikitulia, dawa haikatwi siku hiyo. Kwa kawaida mtu huendelea miezi sita hadi kumi na miwili baada ya kupata nafuu, kisha daktari anaipunguza kwa hatua. Dawa za jirani, hata kama dalili ni zile zile, si zako.

Kuna na tiba ya mazungumzo, ambayo kwa mshtuko wa hofu hufanya kazi vizuri, pamoja na dawa au peke yake. Washauri waliofunzwa ni wachache huku kwetu, lakini sehemu yake moja kaya inaweza kuisaidia: kumrudisha mtu taratibu kwenye alichokikimbia. Leo mwende naye hadi kona ya soko mrudi. Kesho mwingie ndani mkae hadi moyo utulie wenyewe, msikimbie katikati. Wiki ijayo aende na mtoto, baadaye peke yake.

Kisomo, kombe na fundi

Nyumba nyingi zinaanzia huko, na hakuna haja ya kugombana. Dua na kisomo humtuliza mtu, na hakuna dawa ya hospitali inayozuia mgonjwa kusomewa. Shehe mwenye busara atamwambia aendelee na vidonge vyake. Matatizo yanakuja fundi akisema dawa ya kizungu iachwe kwanza, akimnywesha mizizi isiyojulikana juu ya amitriptilini, akimfukizia mwenye pumu, au akimfunga na kumpiga ili kitu kitoke. Kumpiga mtu mwenye hofu ni kumwongezea hofu. Mama mkwe au mjomba mkubwa wa nyumba ndiye mwenye neno hapo, na ni vizuri huyo ndiye awepo siku ya kwenda kliniki, asikie kwa masikio yake.

Ramadhani, bahari, mimba, na barabara

Mwezi wa Ramadhani usiwe sababu ya kuacha dawa. Ya mara moja kwa siku inaingia kwenye daku, na ile ya usiku humezwa baada ya futari. Muulizeni mhudumu wiki chache kabla ya mwezi kuandama.

Anayeanza amitriptilini au diazepamu asitoke na chombo usiku wala asiendeshe bodaboda mpaka ajue dawa inamlegeza kiasi gani. Amwambie nahodha. Usingizi ukimchukua mtu ukingoni mwa ngalawa hakuna wa kumlaumu.

Mwanamke akishika mimba akiwa kwenye dawa asiache mwenyewe kwa hofu ya mtoto. Aende kliniki wiki hiyo. Zipo zinazoendelea, zipo zinazobadilishwa, na hofu kali isiyotibiwa nayo ina madhara yake kwa mimba.

Halafu barabara. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipopita, maji yalikata barabara kuu ya Dar es Salaam na Lindi pale Somanga, na magari yakalala njiani pande zote mbili. Mwenye vidonge vitatu nyumbani wakati kama huo anaachishwa dawa na mvua. Andika siku vitakapoisha kwenye kalenda ya ukutani na urudi kliniki wiki moja kabla. Masika yakikaribia, muombe daktari akuandikie vya kutosha mwezi mzima wa ziada, uvifunge kwenye kopo kavu lenye mfuniko, mbali na jiko na mbali na watoto. Anayetoka Songosongo aongeze hapo na siku za kusi, boti zinaposhindwa kutoka.