Gari la Jamii: Kabla ya Kulipa, Kaeni Chini Wawili



Baba anarudi nyumbani jioni na picha ya Toyota Prado katika simu yake. Mama naye kwa majuma matatu amekuwa akiulizia bei ya Subaru Forester kwa mwenzake wa kazini. Kila mmoja ana sababu zake, na kila mmoja amekwisha kulizungumza jambo hili na watu wengi, isipokuwa mwenziwe wa nyumbani. Pengine nyumba hiyo ni yenu.

Kabla hamjatazama magari, tazameni safari zenu. Chukueni daftari la mtoto lililobaki kurasa, na kwa mwezi mmoja mwandike kila safari: nani alikwenda, watu wangapi, kilomita ngapi, barabara ya namna gani. Msiandike safari mnazotamani. Huenda mkagundua kwamba siku nyingi mko watu wawili au watatu, tena juu ya lami: kazini, shuleni, sokoni, kanisani Jumapili. Ile safari ya matope kwenda kwa wazee ni mara tatu au nne kwa mwaka.

Sasa lilinganisheni kila gari na daftari. Prado nyingi zina viti saba (ziko pia za viti vitano, kwa hiyo hakikisheni), nayo Forester ina vitano. Kama mna watoto wanne na nyanya anakaa kwenu, neno limekwisha, Forester haiwatoshi. Lakini mkumbuke kwamba viti vya nyuma kabisa vya Prado vikikaliwa, nafasi ya mizigo hubaki kidogo sana. Watu saba na gunia la viazi haviingii pamoja, labda mtie mizigo juu ya paa. Tena Prado iko juu. Mwenye magoti mabovu atahitaji kidato na mkono wa kumshika, hali katika Forester ataketi kwa urahisi.

Mabwana wengi husema, “Barabara ya kwetu inataka gari lililoinuka.” Ni kweli, lakini pimeni. Forester imeinuka kiasi cha milimita 220 kutoka chini, na Prado haipiti hapo kwa jambo la maana. Yote mawili huvuta kwa magurudumu manne. Tofauti iko kwingine: bodi ya Prado imewekwa juu ya fremu ya chuma kama lori, nayo ina gia ya kutambaa ya kutokea mahali pabaya kwa nguvu. Forester haina gia hiyo. Anayepanda mlima wa udongo mweusi kila juma wakati wa masika anaihitaji. Anayeupanda wakati wa Krismasi peke yake angeweza kungoja matope yakauke, au kuliacha gari kwa jirani wa barabarani.

Hapa kwenye petroli ndipo nyumba nyingi hukwama, kwa maana bei ya kununua mnaizungumza siku moja, na petroli mtainunua kila juma. Tuseme mnakwenda kilomita 1,200 kwa mwezi. Forester ya lita 2.0 ikienda kilomita 10 kwa lita, mtatumia lita 120. Prado ya petroli ya lita 2.7 ikienda kilomita 7, mtatumia lita 171 hivi. Tofauti ni lita 51 kwa mwezi, zaidi ya lita 600 kwa mwaka. Zidisheni kwa bei ambayo EPRA hutangaza kila tarehe 14, kisha muiweke hesabu hiyo karibu na karo ya Januari. Ongezeni tairi, maana za Prado ni pana na ghali zaidi. Bima kamili pia hukadiriwa kwa thamani ya gari, kwa hiyo gari la bei kubwa huendelea kuwadai kila mwaka.

Forester nayo ina yake. Injini yake imelala, silinda zikitazamana huku na huku, na plagi zimebanwa pembeni. Mtafuteni makanika anayeifahamu kabla ya kuinunua, na mpime oili mara kwa mara. Msingoje taa iwake.

Mkiagiza kutoka Japani, sheria yetu hairuhusu gari lililozidi miaka minane tangu kuandikishwa mara ya kwanza. Mkinunua hapa nchini, thibitisheni mwenye gari katika mtandao wa NTSA, na namba ya fremu ilingane na ile ya kitabu cha gari, kabla ya kutoa hata shilingi ya kwanza.

Lakini kuna sababu ambazo haziandikwi katika karatasi ya bei. Baba aliyekwenda shule kwa miguu ana furaha yake ya kuingia kwa babake akiendesha Prado. Si dhambi, ila aitaje kwa jina lake, asiifiche nyuma ya matope. Mama naye pengine hachukii Prado. Anaogopa kwamba gari kubwa litakuwa la baba, na yeye ataendelea kungoja matatu, huku mkopo wa chama cha akiba ukikatwa katika mshahara wake pia. Hofu hiyo haitaondolewa na muuza magari.

Siku ya kulijaribu gari nendeni wote wawili, pamoja na nyanya kama atakuwa abiria. Mama aendeshe kwenda, baba aendeshe kurudi. Mkifika nyumbani, kila mmoja aandike katika daftari lile sababu moja tu ya kulipenda gari lake, ile ya kweli. Kisha mbadilishane karatasi, na anayesoma asijibu mpaka amemaliza kusoma.