Majani ya Gini na Moto wa Hawaii

*Ndugu Mhariri, inasemekana majani ya gini, wanayolishwa ng'ombe huku Muheza, ndiyo yaliyochochea moto ulioteketeza mji wa Lahaina, Hawaii, mwaka 2023. Je, yang'olewe mashambani? Mfugaji, Muheza.*

Wasiwasi wa mfugaji huyu una msingi, ingawa hatari iko Hawaii zaidi kuliko Muheza. Majani ya gini (*Megathyrsus maximus*) asili yake ni Afrika, ambako hupunguzwa na wanyama na huota kati ya mimea mingi iliyozoea moto wa msimu. Hawaii, yalikopelekwa kuwa malisho, hayakukuta hali hiyo. Mashamba ya miwa yalipoachwa, la mwisho, lililokuwa Maui, likifungwa mwaka 2016, nyasi za kigeni zikiwemo hizi, zinazoweza kufikia urefu wa mita 3, ziliyajaza. Mvua huzinenepesha, kiangazi huzikausha zikiwa zimesimama, na moto ukishapita, mashina yaliyo usawa wa ardhi huchipua upya kabla miche ya msitu haijapata nafasi. Mzunguko huo wa nyasi na moto ndio unaoumaliza msitu mkavu wa Hawaii, wenye mimea isiyopatikana kwingineko duniani, na hasara hiyo ni kubwa mno.

Muheza, ambako nyasi hizi ziko kwao, malisho hayahitaji kung'olewa. Inatosha kuyakata kabla hayajatoa mbegu, na kulima ukanda wa kuzuia moto kati ya shamba na msitu. Nyasi zikionekana kuingia msituni palipokatwa miti, mfugaji amwone afisa ugani au afisa misitu kabla kiangazi hakijaanza.