Mwalimu wa Mbwa Asiyebeba Fimbo: Vidokezo kwa Vijana wa Nhica do Rovuma

Huku Nhica do Rovuma, wilaya ya Palma, Msumbiji, mbwa ni kibarua. Analala chini ya dungu, anawabwekea nguruwe pori na nyani, anamsindikiza mwindaji porini, na malipo yake ni ukoko wa ugali na kichwa cha samaki. Akikosea anapigwa jiwe. Akipatia, hakuna anayemwona.

Kuna watu Afrika Mashariki wanaolipwa mshahara kufundisha wanyama bila kuwagusa kwa fimbo, na wengi wao hawakukulia kwenye nyumba zenye mbwa wa kubebwa. Ukitaka kuwa mmoja wao, usisubiri shule ijengwe Palma mjini. Anzia hapo ulipo.

1. Kaa kitako, funga mdomo, angalia

Chukua daftari, tafuta kivuli cha mkorosho, uchague mbwa mmoja. Usimwite, usimpigie mluzi. Mwangalie tu.

Mgeni anakaribia shamba. Kabla hajafika kwenye dungu, mbwa ameshaanza kuzungumza. Masikio yanarudi nyuma. Analamba pua ilhali hakuna chakula. Anapiga miayo ilhali hana usingizi. Anageuza uso pembeni, lakini jicho linabaki kwa mgeni mpaka weupe wake unaonekana. Mgeni asipoelewa, akazidi kusogea, mdomo wa mbwa unafungwa, mwili unakakamaa, na kooni kunatoka mngurumo mdogo. Mgeni ananyoosha mkono. Hapo ndipo anapoumwa, na jioni kijiji kizima kinasema mbwa wa fulani ameuma ghafla.

Hakuuma ghafla. Alisema mara nyingi na hakuna aliyemsikiliza.

Andika mambo haya kwa mpangilio yalivyotokea: nini kilitangulia, mbwa alifanya nini, kisha alipata au alikosa nini. Safu hizo tatu ndizo msingi wa kazi yote. Na usidanganywe na mkia: unaosimama wima na kutikisika kwa kasi kidogokidogo unaweza kuwa onyo kabisa. Jambo jingine, usimwadhibu mbwa anayenguruma. Ukimfundisha kunyamaza, umemwondolea onyo na kumwachia meno.

2. Jifunze kwa panya wa Morogoro

Shirika la APOPO liko Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, tangu mwaka 2000. Kazi yake ni kufundisha panya buku kunusa mabomu ya kutegwa ardhini, na pia kutambua kifua kikuu kwenye makohozi. Msumbiji ilipotangazwa kuwa haina tena maeneo yanayojulikana ya mabomu hayo, Septemba 2015, panya hao walikuwa miongoni mwa waliofanya kazi hiyo, pamoja na wateguaji, mbwa na mitambo.

Panya mmoja hufundishwa kwa takriban miezi tisa. Kwanza anazoeshwa watu, sauti na mikono tangu akiwa mdogo. Kisha mkufunzi anabonyeza kidude kinacholia "tik" na papo hapo anampa ndizi au karanga. Tik, chakula. Tik, chakula. Panya akishaelewa kwamba mlio ule ni ahadi, ndipo anaanza kulipwa kwa kutambua harufu. Akikosea, hapigwi, hapati tu. Na utampigaje mnyama wa kilo moja hivi kisha umtarajie atembee kwa utulivu juu ya bomu?

Magawa, panya mzaliwa wa Tanzania aliyefanya kazi Kamboja, alitunukiwa medali ya dhahabu na shirika la PDSA la Uingereza mwaka 2020. Basi mwenye mbwa atakayekwambia "wangu ni mkaidi, hafundishiki bila kiboko," mpe habari za Magawa.

3. Chagua mlio mmoja, na uwahi

Kidude cha kubonyeza hakipatikani dukani Nhica, na huhitaji kukiagiza. Kalamu ya kubonyeza inatosha. Ulimi wako unatosha. Neno fupi kama "Eee!" linatosha, mradi hulitumii kwa jambo jingine.

Siri iko kwenye muda. Mlio utoke wakati ule ule makalio ya mbwa yanapogusa ardhi, si baada ya wewe kutafuta chakula mfukoni. Ukichelewa kidogo tu mbwa ameshasimama, nawe umemlipa kwa kusimama. Fanya mazoezi bila mbwa kwanza: mdogo wako arushe mpira juu, wewe utoe mlio mpira unapogusa chini. Utashangaa jinsi ulivyo mzito.

Mmarekani Karen Pryor, aliyeieneza njia hii kwa wenye mbwa kwa kitabu chake cha mwaka 1984, aliianza kwa pomboo kule Hawaii katika miaka ya 1960. Pomboo wetu wa Palma anajulikana: huwezi kumvisha mnyororo wala kumkimbiza kwa fimbo. Ukimkera anaondoka zake. Ilibidi watu wajifunze kumwomba.

4. Lipa anachokitaka yeye

Si unachotaka wewe kumpa. Kipande cha dagaa mkavu, kikubwa kama kucha ya kidole kidogo, kitafanya kazi kuliko bakuli la ugali. Kwa mbwa wa kunusa, malipo mara nyingi ni mpira: akiipata harufu, anachezeshwa. Vitunguu usimpe, wala mifupa ya kuku iliyopikwa.

5. Dini haikufungii mlango

Swali la dini ndilo la kwanza utakaloulizwa Pwani, tena na mama yako mzazi. Lijibu kwa adabu na kwa elimu.

Qur'ani, sura ya Al-Maida aya ya 4, inazungumzia wanyama wa kuwindia waliofundishwa na kuhalalisha windo lao. Kumfundisha mbwa, basi, si jambo la kuzuka. Mbwa wa watu wa pangoni ametajwa katika Al-Kahf, na hadithi ya mtu aliyeteremka kisimani kumchotea maji mbwa mwenye kiu imo katika Bukhari na Muslim. Hata hivyo, kwa sisi tunaofuata madhehebu ya Shafi, mate ya mbwa ni najisi na chombo alichokilamba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Hapo hakuna mjadala.

Sasa angalia uzuri wa njia hii: mwalimu wa upole anaweza kufundisha nusu ya mambo bila kumgusa mbwa. Mlio unatoka mdomoni, dagaa anarushwa chini. Mbwa anakaa, anakuja, anasubiri, anarudi nyuma, na nguo yako ni kavu. Anayefundisha kwa kukandamiza kiuno na kuvuta shingo ndiye anayeloa mate. Weka kanzu au shati la kazi peke yake, kopo la dagaa peke yake, na ndoo ya maji karibu. Wapo askari wa wanyamapori Waislamu wanaofanya kazi hii kila siku na kuswali kwa wakati.

6. Usigombee ubwana

Utawasikia watu wakisema lazima umwonyeshe mbwa nani mkubwa, umlaze chali, umkazie macho. Waache waseme. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Porto, Ureno, walichapisha utafiti wa mbwa 92 kutoka shule mbalimbali za mafunzo. Wale wa shule zilizotumia zaidi adhabu walionyesha dalili nyingi zaidi za msongo, na kipimo cha mate yao baada ya somo kilionyesha homoni ya msongo imepanda zaidi. Mbwa mwenye hofu hufanya anachoamriwa ukiwepo. Ukiondoka, unamkuta kwenye banda la kuku.

7. Panga mahali kabla ya kumlaumu mbwa

Tuseme ni hilo banda la kuku. Mwenye nyumba anataka mbwa aache kukimbiza vifaranga. Fimbo itamfundisha asikimbize ukiwa na fimbo. Fanya hivi badala yake.

Kwanza zuia: funga kamba ndefu kwenye mkanda wa shingo, ili mazoea ya kukimbiza yasiendelee kulipa, maana kukimbiza kwenyewe ni raha. Kisha simama mbali na kuku, mbali kiasi kwamba mbwa anawaona lakini bado anakusikia. Akiwatazama na kugeuza uso kwako, hata kidogo: "Eee!" na dagaa. Rudia mpaka aanze kuwatazama na kugeuka mwenyewe akidai malipo. Hapo sogea hatua mbili. Akikakamaa na kuacha kula, umesogea mno. Rudi ulikotoka bila maneno.

Siku nyingine haendi mbele hata hatua moja. Ndivyo kazi ilivyo.

Somo la kurudi akiitwa lifundishe kwa njia hii hii, na lifundishe kwa bidii kuliko yote. Kuna tembo maeneo haya. Mbwa anayembwekea tembo kisha akakimbilia kwa bwana wake na tembo nyuma ni hatari kubwa kuliko kukosa mbwa kabisa.

8. Wapo waliopitia Machi 2021

Palma iliposhambuliwa tarehe 24 Machi 2021, watu walikimbilia porini, wengine wakashika njia ya mto Ruvuma kuelekea Mtwara, Tanzania. Aliyekimbia na mtoto mgongoni hakuwa na nafasi ya kufikiria mbwa. Ukikutana na mbwa anayejibanza uvunguni kila pikipiki inapolia, usimvute atoke na usimcheke. Mwenye mbwa pengine ana hofu hiyo hiyo, kwa hiyo zungumza naye kwa staha.

Kwa mbwa huyo, anza na sauti ndogo sana: sufuria ikigongwa kidogo nyumba ya tatu, na dagaa akifuata. Sauti kwanza, chakula baadaye, kwa mpangilio huo. Ongeza kidogo tu baada ya siku kadhaa. Na aachiwe pa kujificha. Kumbembeleza hakumwongezei woga, yeyote aliyekwambia hivyo alikosea.

9. Chanjo kabla ya somo

Usimfundishe mbwa asiyechanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa. Ulizia idara ya mifugo ya wilaya kuhusu kampeni, na ng'ambo ya mto Ruvuma muulize ofisa mifugo: Mtwara na Lindi zilikuwa kwenye mradi mkubwa wa kuchanja mbwa ulioungwa mkono na Shirika la Afya Duniani kuanzia 2010. Lengo linalotajwa ni asilimia 70 ya mbwa wa eneo. Ukiumwa au kukwaruzwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Usingoje dalili: zikishatokea, karibu hakuna anayepona. Wewe mwenyewe ulizia chanjo ya tahadhari kabla ya kuanza kazi.

10. Mwanafunzi wako halisi ana miguu miwili

Mbwa atakuelewa mapema. Babu mwindaji, je? Usimwingilie mzee kwa maneno ya kisomi.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umekuja kunifundisha mbwa wangu?"

"Hapana, babu. Nimekuja unifundishe anavyofuata nyayo. Nami nitakuonyesha mchezo mmoja."

Ana maarifa ya mbwa ambayo hayamo kwenye kitabu chochote: anajua yupi anafuata damu, yupi anadanganya. Mpe somo moja dogo, dakika tano, limfanikie yeye, si wewe. Kopo la dagaa ashike mwenyewe.

11. Tafuta pa kukulia

Shirika la African Wildlife Foundation lina mpango wa mbwa wa kunusa pembe za ndovu na nyara nyingine, na kituo chake cha mafunzo kiko Usa River, karibu na Arusha. Katika Hifadhi ya Virunga, mashariki mwa Kongo, kilianzishwa kikosi cha mbwa wa kufuatilia nyayo mwaka 2011. Kampuni za ulinzi nazo hutafuta waongozaji wa mbwa, ila uliza kwanza wanafundishaje, na uombe kutazama somo zima. Wakikataa usitazame, umeshajibiwa.

Vyeti vipo. Kile cha Marekani kinachoitwa CPDT-KA hudai saa zisizopungua 300 za kufundisha ndani ya miaka mitatu kabla ya mtihani. Ni mbali, lakini saa zinaanza kuhesabiwa kwenye daftari. Andika tarehe, jina la mbwa na la mwenye mbwa, ulichofundisha, umbali, idadi ya marudio, na ulipokwama. Mwenye mbwa atie sahihi. Asiyejua kuandika, dole gumba.