Masamune, Mhunzi wa Panga wa Japani

Ndugu msomaji, wewe unayetumia jembe na panga unalijua jambo hili. Chuma laini hupinda. Chuma kigumu sana huvunjika kama chungu. Je, mhunzi afanye nini ili chombo kikate vizuri na kisivunjike? Leo tumsome mhunzi mmoja aliyeliweza jambo hili.

Jina lake Masamune. Aliishi katika mji wa Kamakura, nchi ya Japani, mwishoni mwa karne ya 13 na mwanzoni mwa karne ya 14. Ni zamani, miaka kama 700 iliyopita. Mwaka 1274, na tena mwaka 1281, majeshi ya Wamongolia yalivuka bahari kuivamia nchi hiyo. Silaha nzuri zilitakiwa. Masamune alifundishwa kazi na Shintogo Kunimitsu, na baadaye yeye akamfundisha Sadamune.

Chuma chao kilitoka katika mchanga mweusi. Mchanga huo ulichomwa pamoja na makaa katika tanuri la udongo, mivukuto ikivuma usiku na mchana. Humo chuma kilipata kaboni kutoka kwenye makaa. Chenye kaboni nyingi ni kigumu, chenye kaboni kidogo ni laini. Mhunzi alikichagua kipande kwa kipande.

Kisha kipande kilipigwa nyundo kikawa bapa, kikakunjwa kama unavyokunja kanga, kikapigwa tena. Ukikunja mara 1 unapata tabaka 2. Mara 2, tabaka 4. Mara 10 je? Chukua kalamu upige hesabu. Ni tabaka 1,024! Wala hilo si pambo tu. Kukunja kunatoa takataka na kufanya chuma kiwe sawasawa.

Sasa ndipo penye kazi. Upanga hupakwa udongo, mgongoni mzito, kwenye makali mwembamba. Halafu hupashwa moto mpaka uwe mwekundu. Kibanda hutiwa giza, maana mhunzi hupima moto kwa kutazama rangi. Kisha, chubwi! majini. Makali hupoa ghafla, yanakuwa magumu. Mgongo hupoa polepole, unabaki na ulaini wake. Kumbe hata ule mpindo wa upanga wa Kijapani huongezeka humo humo majini! Lakini upanga huweza kupasuka hapo hapo, na jasho la siku nyingi likapotea.

Katika panga za Masamune, karibu na makali, kuna chembe ndogo zinazometameta kama nyota. Wajapani huziita nie. Hakuna aliyezichora, zimetokana na moto na maji. Wajuzi huzitazama sana chembe hizo, kwa kuwa silaha zenye jina lake ni chache mno.

Upanga wake mmoja mashuhuri huitwa Honjo Masamune. Watawala wa ukoo wa Tokugawa waliurithishana kwa vizazi vingi. Mwaka 1939 serikali ya Japani iliutangaza kuwa hazina ya taifa. Japani iliposhindwa vita mwaka 1945, Wamarekani waliamuru silaha zikusanywe. Ukoo ule ukautii amri, ukaupeleka upanga kituo cha polisi mjini Tokyo. Tangu ulipotoka hapo haujaonekana tena.

Swali la darasa: Kwa nini udongo wa mgongoni ulipakwa mzito kuliko wa kwenye makali?