Bao Moja, Nyakati Tofauti: Sayansi na Adabu ya Kutotoboa Matokeo

Jambo hili hutokea mara kwa mara katika vibanda umiza, Singida mjini na kwingineko, siku ya mchezo wa Simba na Yanga. Watazamaji wametulia na mpira ungali katikati ya uwanja. Ghafla vifijo vinasikika kutoka nyumba ya pili. Kila mmoja hutambua kwamba bao limeingia, ingawa kwenye kioo hakuna mchezaji aliyelikaribia lango. Baada ya sekunde chache bao lile huonekana, lakini utamu wake umekwisha toka. Je, jirani ametenda kosa? Ili kujibu swali hili yafaa kutazama kwanza fizikia, kisha adabu.

1. Mwendo wa habari

Sauti husafiri hewani kwa kasi ya mita 340 hivi kwa sekunde. Mtu aliyeketi mita 100 kutoka kwa mwamuzi, katika Uwanja wa Benjamin Mkapa, Dar es Salaam, husikia filimbi baada ya sekunde 0.3 hivi. Mawimbi ya redio husafiri kilomita 300,000 kwa sekunde. Kutoka Dar es Salaam hadi Singida, kwa mstari ulionyooka, ni kilomita 550 hivi. Umbali huo mawimbi huumaliza kwa muda usiofikia sekunde 0.002. Kwa hiyo, kama kipaza sauti kingekuwa karibu na mwamuzi, na kama matangazo yasingecheleweshwa na mtambo wowote njiani, mkulima wa alizeti mkoani Singida angeisikia filimbi kabla ya mtu aliyemo uwanjani.

Picha ya dishi hupitia satelaiti iliyo kilomita 35,786 juu ya ikweta. Kupanda na kushuka ni zaidi ya kilomita 71,500, yaani takriban robo ya sekunde. Ni dhahiri basi kwamba umbali peke yake hauelezi kuchelewa kwa sekunde kadhaa.

Sababu kubwa ni uchakataji. Picha ya kidijitali hubanwa kabla ya kurushwa: mtambo hukusanya picha kadhaa, huzilinganisha, kisha hutuma zaidi yale yaliyobadilika. King'amuzi nacho huhitaji muda wa kuzifumua. Picha za analojia, ambazo mitambo yake ilianza kuzimwa nchini kwa kuanzia Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, hazikuwa na ngoja ngoja hiyo.

Katika simu janja muda huongezeka. Kwa kawaida video ya intaneti hukatwa vipande. Ikiwa kila kipande ni cha sekunde 6, na simu hungoja vipande 3 kabla ya kuanza kuonyesha, mtazamaji amekwisha achwa nyuma kwa sekunde 18. Lakini ujumbe wa maandishi ni mdogo mno na hauhitaji akiba hiyo. Ndiyo maana simu ileile yaweza kupokea neno "Bao!" huku kioo chake kikionyesha mpira wa kurusha.

2. Je, kujua mapema huharibu?

Wataalamu hawajaafikiana. Mwaka 2011 Jonathan Leavitt na Nicholas Christenfeld wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, walitoa utafiti uliotumia hadithi fupi 12. Wasomaji walioelezwa mwisho mapema walizifurahia zaidi. Utafiti wa Benjamin Johnson na Judith Rosenbaum, uliotolewa mwaka 2015, ulionyesha kinyume. Kwa kuwa watu na hadithi hutofautiana, uamuzi wa kujua au kutojua haufai kufanywa na mtu mwingine. Ni haki ya yule anayengoja.

Kanuni hii si ngeni. Mtega kitendawili husema "Kitendawili!" naye hujibiwa "Tega!" Wenzake wakishindwa, hatoboi jibu papo hapo, bali hudai: "Nipeni mji." Watampa Manyoni au Kiomboi, naye atakubali au kukataa. Kutoa mji ni kukiri kushindwa na kuomba jibu. Adabu ya mchezo huo imo katika ombi hilo: jibu hutolewa kwa aliyelitaka.

3. Kanuni za kufuata

(a) Uliza kwanza kama mwenzako ameona mchezo, filamu au tamthilia.

(b) Katika kundi la simu, usiweke matokeo katika mstari wa kwanza, kwa maana huo huonekana hata kabla ujumbe haujafunguliwa. Tanguliza onyo.

(c) Mwenye redio ndani ya kibanda aizime au aipunguze sauti. Aliye nyumbani kwake hana kosa: hajui kwamba yuko mbele.

(d) Anayetaka kutazama marudio azime taarifa za simu yake. Hawezi kuutaka mji mzima unyamaze.

(e) Wajibu huu una kikomo. Matokeo yakishatangazwa katika taarifa ya habari, mazungumzo ni huru.

(f) Habari ya hatari, kama vile moto au mafuriko, haifichwi kamwe.

Mwalimu naye ana nafasi hapa. Anayetangaza matokeo ya jaribio kabla ya wanafunzi kutabiri na kupima amewanyima somo lenyewe.

Mazoezi

1. Kokotoa muda wa sauti kusafiri mita 170, na wa mawimbi ya redio kusafiri kilomita 600.

2. Wakati wa mchezo mmoja, pimeni kwa saa tofauti ya muda kati ya redio, dishi na simu. Rudieni mara 5 na mtafute wastani.

3. Kabla ya kupima, kila mwanafunzi aandike utabiri wake. Asimwonyeshe jirani.